Kutoka Lubumbashi hadi Ushongo kwa gari: kilomita za mwisho ndizo za kuogopa

Swali: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Bel-Air hapa Lubumbashi. Katika likizo kubwa, mwezi wa saba, baba ya watoto anataka twende na gari yetu mpaka Bahari ya Hindi upande wa Tanzania, tukae Ushongo karibu na Pangani, halafu tuone wanyama wa hifadhi ya Saadani. Gari ni Prado ya usukani wa kushoto. Yeye amezoea njia ya Likasi na Kolwezi, Tanzania hajafika. Kwenye simu tumeona magari yakikimbia juu ya mchanga kando ya maji, na watoto wanataka tufanye hivyo. Kijana wetu wa miaka 16 naye anasema kule ndiko atakakojifunzia kuendesha. Nifikirie nini kabla ya kukubali?

Jibu: Mama, kubali, ila uweke masharti. Safari hiyo inawezekana. Ni zaidi ya kilomita 2,200 kwenda tu, kupitia Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Nakonde, Mbeya, Iringa, Morogoro, Chalinze na Tanga, na karibu yote ni lami. Malori ya shaba yetu yanapita njia hiyo kila siku kwenda bandari ya Dar es Salaam, na mimi niliipita na mzigo kabla sijaanza kufundisha udereva. Watu wakiniuliza habari zake huuliza foleni ya Kasumbalesa, polisi wa Zambia na msongamano wa Tunduma. Wana haki ya kuuliza. Lakini huko shofa yuko macho, barabara yenyewe inamtisha, na usukani anaushika kwa mikono miwili. Mahali ninapomwogopea baba ya watoto ni kule mwisho, kwenye njia ya mchanga ng'ambo ya mto Pangani. Hakuna lori, hakuna askari, hakuna mstari barabarani, bahari inachungulia kati ya minazi na watoto wanapiga kelele za furaha. Hapo mtu hulegea. Kwa hiyo jibu langu litakaa huko zaidi kuliko kwenye barabara kuu.

Tuanze na upande wa kuendeshea. Congo tunapita kulia. Ukivuka Kasumbalesa tu, Zambia yote na Tanzania yote wanapita kushoto. Katika barabara yenye magari mengi hilo halisumbui sana, kwa sababu unafuata aliye mbele yako. Shida inakuja mahali patupu. Fikiria njia nyembamba ya vumbi, nyayo mbili za magurudumu katikati ya mashamba ya mnazi, dakika 20 hamjaona chombo chochote. Ghafla kwenye kona inatokea bodaboda yenye abiria wawili. Mikono ya mtu aliyeendesha Likasi miaka kumi inavuta usukani kulia kabla hajafikiri. Mwenye bodaboda, kwa mazoea yake, anakimbilia kushoto kwake, na kushoto kwake ndiko huko huko mnakoenda ninyi. Nimeona alama za tairi za ajali ya namna hiyo: zote mbili zimeelekea ukingo mmoja, na nafasi ya kupita iko wazi upande wa pili.

Kwa gari la usukani wa kushoto kuna kipimo chepesi: dereva akae upande wa majani. Ukingo wa barabara uwe chini ya dirisha lake. Akiona katikati ya barabara dirishani kwake, amepotea upande. Bandikeni karatasi kwenye dashibodi iliyoandikwa KUSHOTO kwa herufi kubwa, na mtoto mmoja apewe kazi ya kulitamka neno hilo kila gari linapoondoka: asubuhi, kituo cha mafuta, baada ya kula, baada ya kugeuza. Makosa mengi hutokea dakika ya kwanza baada ya kusimama, si katikati ya mwendo. Kwenye mizunguko ya barabara huko wanazunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na unampisha anayetokea kulia kwako aliyekwisha kuingia.

Kulipita lori ukiwa na usukani wa kushoto ni jambo jingine zito. Dereva amekaa ukingoni, lori limemziba, haoni kinachokuja. Wengi humwambia mke, "Tazama, njia iko wazi?" Mama, usiikubali kazi hiyo peke yako. Wewe sema unachokiona, lakini yeye abaki nyuma mbali ya kutosha ili barabara ifunguke machoni pake mwenyewe. Akilisogelea lori mpaka anausoma ubao wa namba vizuri, yuko karibu mno. Madereva wa malori wengine huwasha taa ya pembeni kukuashiria upite. Wanafanya kwa wema, lakini taa hiyo hiyo inaweza kuwa na maana kwamba lori linageuka. Dakika tano nyuma ya lori si hasara kwa mtu aliye likizoni.

Na taa za mbele. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kupita kulia humulika kidogo upande wa kulia hata taa zikiwa zimeshushwa, ili kuangaza ukingo. Huko kulia ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo unampofusha bila kujua. Fundi wa umeme wa magari azishushe taa kabla hamjaondoka, au azibe kwa utepe mweusi ile sehemu ya kioo inayorusha mwanga kulia. Dawa kubwa zaidi ni kutoendesha usiku kabisa.

Hilo la usiku ni sharti la kwanza ningeliweka. Kati ya Serenje na Nakonde, na tena kati ya Mbeya na Morogoro, lori lililoharibika hubaki palepale barabarani, na onyo lake mara nyingi ni matawi ya miti yaliyotupwa mita chache nyuma. Mchana ukiona matawi juu ya lami unajua. Usiku unayaona umekwisha kuyakanyaga. Kuna baiskeli bila taa, kuna watu wanaotoka sokoni, kuna ng'ombe. Mwezi wa saba, upande wa Mpika, jua linazama kabla ya saa 18:00. Pangani jua linazama karibu saa 18:30, lakini Tanzania iko saa moja mbele ya Lubumbashi na Zambia, maana yake mkivuka Nakonde kuingia Tunduma siku yenu imekatwa saa nzima. Mpaka huo nao una foleni yake. Wasiojua hufika Mbeya gizani.

Kwa hiyo tengeni siku tano za kwenda. Najua baba watoto atasikia watu wakijisifu kwamba walifika kwa siku tatu. Walifika kwa kuendesha usiku, na wengine wa namna hiyo hawapo tena wa kutuhadithia. Kama dereva ni mmoja tu, asipite saa nane za usukani kwa siku, na kila baada ya saa mbili asimame, atembee, anywe maji. Usingizi wa barabarani hauishi kwa kahawa wala kwa muziki wa sauti kubwa. Unaisha kwa kulala.

Barabara kuu yenyewe nitaisema kwa ufupi. Baada ya Iringa kuna mteremko wa Kitonga, mrefu na wenye kona kali. Mshuke kwa gia ya chini tangu juu kabisa, breki ziguswe tu kupunguza, kwa maana breki zinazokanyagwa bila kuachwa hupata moto na kukosa nguvu. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni mahali pa wazi mpaka zipoe, wala msizimwagie maji. Mbele yake barabara inapita ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50: twiga, nyati, tembo na nyani wanavuka, matuta yapo, na kumgonga mnyama kuna faini kubwa mbali na hasara ya gari. Katika vijiji vya Tanzania kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na askari wana kamera ya mkononi ambayo wenyeji wanaiita tochi. Kosa moja ni shilingi 30,000, mnapewa namba ya malipo, mnalipa na kupata risiti. Kulipa bila risiti si kulipa faini.

Gari. Kabla ya kitu chochote, tazameni matairi. Lubumbashi tunanunua sana matairi yaliyotumika, na mengi yanaonekana mapya kwa meno lakini mpira umezeeka. Ubavuni pa kila tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2314, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014, na mimi singeipandishia familia yangu hata kama meno yake ni marefu. Chukueni tairi mbili za akiba, kifaa cha kujaza upepo, kipimo cha upepo, koleo, kamba ya kuvuta, vibao viwili vya pembetatu na kizimamoto. Kuhusu karatasi: permi ya kuendesha, karti roze ya usajili wa gari, barua ya mwenye gari kama jina si la baba watoto, kibali cha muda cha gari kutoka forodha za mipakani, na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mipaka. Kadi hiyo inakubalika hata Tanzania, ingawa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Jueni tu kwamba inamlipa mtu mliyemuumiza. Gari lenu hailitengenezi. Na mifuko ya plastiki ya kubebea vitu iacheni nyumbani, kwa sababu Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019.

Sasa tufike kule.

Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 50 kuelekea kusini. Njia inapita kwenye mashamba ya mkonge, zao ambalo liliingizwa sehemu hizi mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf na likaifanya Tanga ijulikane duniani. Kwenu ninyi maana ya mkonge ni trekta zenye tela zinazokata barabara taratibu, na watu wa mashambani wanaotembea ukingoni asubuhi na jioni. Mwezi wa saba shule za Tanzania zimefunguliwa, kwa hiyo watoto wenye sare wanarudi barabarani mchana. Mtoto mmoja akivuka mbele yenu, mhesabuni wa pili kwamba anakuja, kwa sababu aliyebaki ng'ambo atamfuata mwenzake bila kutazama. Kikomo cha mwendo kwangu, nikiona nyumba pande zote mbili, ni 30, hata kibao kikiniruhusu zaidi. Gari la mwendo wa 60 linahitaji nafasi ya kufunga breki mara nne ya lile la 30, ukiacha ile inayoliwa na akili kabla mguu haujakanyaga.

Mto Pangani huvukwa kwa kivuko kati ya mji na Bweni, na daraja jipya limekuwa likijengwa. Ulizeni Tanga mjini magari yanapita wapi kwa sasa. Kama ni kivuko, abiria washuke na kuingia kwa miguu, madirisha yafunguliwe, breki ya mkono ivutwe, gari libaki kwenye gia. Mafuta jazeni Tanga. Ng'ambo ya mto mtakuta yanauzwa kwenye chupa, na mafuta ya chupa yanaweza kuwa na maji na mchanga.

Kutoka Bweni kwenda Ushongo ni kilomita kumi na kitu, na hapo ndipo ningependa mzee aendeshe kama mtu anayepita katika kiwanja cha nyumba ya watu, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Wanawake wanaanika dagaa pembeni, mbuzi wamelala njiani, mafundi wa majahazi wamelaza mbao. Vumbi la gari moja linaloenda mbio linaingia kwenye dagaa wa familia nzima, na hao ndio chakula na ada ya shule, kama ndakala walivyo kwa watu wetu wa maziwa ya Moero na Tanganyika. Punguzeni mwendo, fungueni kioo, salimieni. Wazee waamkieni shikamoo. Mtu mliyemsalimia ndiye atakayewaambia kwamba mbele mchanga umekuwa laini au mti umeanguka.

Mchanga wa njia za huko hauhitaji nguvu, unahitaji tairi pana. Kama kwenye lami mnajaza upepo wa bar 2.2, shusheni hadi karibu 1.5. Tairi inajitandaza na kuelea badala ya kuchimba. Prado nyingi zinavuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Fungeni difu ya kati mnapoingia mchangani, na mwendo uwe wa pole usiokatika, chini ya 30, bila kukata kona kwa ghafla. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, ondoeni mguu kwenye mafuta mara moja. Kila sekunde ya kukanyaga inazamisha gari. Rudini nyuma kwenye nyayo zenu wenyewe, au chimbeni mbele ya tairi na kushusha upepo hadi 1.2. Mkirudi kwenye njia ngumu jazeni tena kabla ya kukimbia, kwa kuwa tairi laini kwenye lami hupata joto na kupasuka. Na mkifika, msiegeshe chini ya mnazi. Nazi inayoanguka kutoka juu inavunja kioo cha gari, na kichwa cha mtoto ni dhaifu kuliko kioo.

Swali la kuendesha ufukweni kando ya maji nalijibu waziwazi: msiende. Nitaeleza sababu zote, ili mzee asidhani ni woga.

Ya kwanza ni maji yenyewe. Sisi tumezoea maziwa. Maji ya Moero leo yako pale yalipokuwa jana. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kila siku. Kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kesho muda unasogea mbele karibu dakika 50. Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ni bamvua, na kwenye pwani ya Tanga maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Kati ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu, tofauti inapungua. Ufuo wa Ushongo ni mlalo mdogo: maji yakipwa unaona uwanja mpana, mgumu, mzuri, unaita gari. Yakirudi, yanarudi kwa upana wote huo, na mchanga uliokuwa mgumu unalegea kutoka chini kabla maji hayajafika juu. Gari likizama hapo mna saa chache tu, na trekta ya kuvuta iko Pangani. Maji ya chumvi yakifika kwenye injini na nyaya, Prado yenu imekwisha hata ikitolewa.

Kuna jambo la saa ambalo watu wa kwetu linatukamata. Lubumbashi wengi wetu tunahesabu saa kama Wafaransa, saa nane ya mchana hatuisemi. Mvuvi wa Ushongo akikuambia maji yanajaa saa nane, anamaanisha saa 14:00. Ulizeni kila mara: jua likiwa wapi? Hilo linawahusu hata kama gari halitaingia ufukweni, kwa sababu watoto watatembea mbali kwenye miamba wakati wa maji kupwa.

Ya pili ni ardhi inayodanganya. Nyuma ya fukwe za Saadani na karibu na mikoko kuna mbuga tupu nyeupe, tambarare kama uwanja wa ndege. Ni ganda la chumvi juu ya tope. Linabeba mtu, linabeba baiskeli, linavunjika chini ya tani mbili. Hata kama mnaona nyayo za gari jingine, pengine lilipita siku ambayo jua lilikuwa limelikausha zaidi, au nyayo zinaishia pale lilipozama.

Ya tatu ni viumbe vya pale, na hii ndiyo inayonigusa kuliko zote. Kasa wa kijani wanapanda kwenye fukwe hizo usiku kutaga. Mayai hukaa chini ya mchanga karibu miezi miwili, na huoni chochote juu. Gari linapopita linaugandamiza mchanga na kuyavunja, au linaacha mfereji wa tairi ambao kasa mdogo, aliyetoka kwenye yai usiku huo, anatumbukia na kuufuata sambamba na bahari asiifikie, mpaka kaa au kunguru wamkute asubuhi. Taa za gari nazo zinampoteza, kwa kuwa anatafuta maji kwa kufuata mwanga. Mvuto wa Ushongo ni pamoja na kasa hao. Wenyeji wanawalinda kwa shida, na mgeni mmoja kwa dakika kumi za video anaweza kuharibu kazi ya msimu. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, basi msishangae mkiitwa na mwenyekiti wa kijiji.

Waambieni watoto mapema, mkiwa bado Bel-Air, kwamba gari litalala chini ya kivuli cha hoteli na wao watakimbia kwa miguu. Mkisubiri kuwaambia kule mchangani, baba atashindwa na vilio vyao.

Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini Tanzania inayogusa bahari. Mnaweza kuifikia kwa njia ya pwani kutoka upande wa Pangani, au mkiwa safarini kurudi mkaingia kutoka Mandera kupitia Miono. Ndani yake usiku hakuna kuendesha, hakuna kutoka kwenye njia, na hakuna kushuka garini ila pale mlipoonyeshwa. Tembo akiwa njiani zimeni muziki, simameni mbali, mwachieni nafasi ya kuondoka, wala msipige honi. Kaeni mmeelekeza gari kwenye upande wa kurudi, kama njia inaruhusu. Udongo wa sehemu nyingi ni mweusi wa mfinyanzi. Mwezi wa saba ni mkavu, na ndiyo sababu nasifu mwezi mliouchagua. Mtu akiwashawishi kwenda Pasaka kataeni, masika ya Machi hadi Mei yanaufanya udongo ule kuwa gundi, na 4x4 zote zinakuwa sawa na kiatu kisicho na soli.

Mama, tuzungumze pia jambo ambalo familia hazipendi kulizungumza: mkimgonga mtu. Simameni. Washeni taa za hatari, wekeni pembetatu, mtazameni aliyeumia, msimnyanyue hovyo kama shingo au mgongo umeumia isipokuwa kuna moto au gari jingine linakuja. Piga 112 polisi. Hospitali kubwa ya sehemu hizo ni Bombo, Tanga mjini, na polisi hutoa fomu inayoitwa PF3 kwa majeruhi. Kuna hofu ya umati wenye hasira, nami siidharau. Mkiona maisha yenu yako hatarini, endesheni moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu mkajieleze hapo hapo. Kwenda hotelini kwanza, au kuvuka mto, ni kukimbia. Mkigonga mbuzi au kuku, mtafuteni mwenye mali kupitia mwenyekiti wa kijiji na mlipe kwa bei ya pale. Ushongo ni kijiji kidogo. Gari la namba za Congo lililoondoka bila kulipa litakumbukwa, na Mkongo atakayekuja mwaka ujao ndiye atakayedaiwa.

Kila jioni osheni gari kwa maji yasiyo na chumvi, hasa chini yake na kwenye breki, kwa sababu upepo wa bahari pekee unatosha kuleta kutu. Na kabla ya kuondoka Tanga, jamaa mmoja hapa Lubumbashi apewe njia mnayoipita na siku mnayotarajia kulala wapi, ili mkikawia bila mtandao ajue pa kuanzia kuuliza.

Kuhusu kijana, jibu langu ni hapana, na mzee alitamke yeye mwenyewe ili lisionekane kuwa ni neno la mama tu. Ana miaka 16, permi ni miaka 18, bima inaweza kukataa kumlipia mtu atakayemgonga, na ufuo anaouona mtupu kwenye simu ni njia ya watu wanaoenda kuokota pweza na kuvuta nyavu. Zaidi ya hayo, atajifunza kwa upande wa kushoto mambo ambayo mikono yake itayahitaji kulia. Mpeni kazi ya kweli katika safari: asome ramani, apime upepo wa matairi kila asubuhi, aandike mafuta yaliyoingia, atamke KUSHOTO kila mnapoondoka. Akirudi, mleteni kwangu Jumamosi nimfundishe kubadilisha tairi na kusoma alama za barabarani. Usukani tutamwekea hapa Lubumbashi atakapofika umri.